Mlimau wako unasumbua: tazama jani, gusa udongo, ndipo ununue dawa

Masika yakipita, kitalu changu hapa Tanga hupokea wageni wa namna moja. Anakuja mtu na gazeti lililokunjwa, analifungua, ndani mna majani matatu ya mlimau, yote ya njano. "Nipe dawa," anasema. Hajaniambia udongo wa kwake ukoje, anamwagilia maji gani, wala majani yale ameyachuma kileleni au chini. Nikimuuzia dawa hapo hapo nitakuwa nimemwibia.

Malalamiko ya mlimau na mndimu wa nyumbani karibu yote huanzia kwenye maji na udongo. Wadudu hufuata baadaye, na ugonjwa wenyewe huwa wa mwisho. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi, kisha nikashuka hadi ile ya nadra. Anza na ukaguzi usiogharimu kitu. Na pale nisemapo simama, tafadhali simama.

Kabla ya yote fanya mambo manne. Tazama kama shida iko kwenye majani machanga ya juu au yale ya zamani. Geuza jani uone upande wa chini. Chomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Halafu piga goti, uangalie mahali shina linapoingia ardhini. Watu wengi hawajawahi kupaona mahali hapo tangu siku waliyopanda.

Majani yanageuka njano

Sababu ya kwanza ni maji kuzidi. Hii huwashangaza watu, maana mti wenye maji mengi hulegeza majani sawasawa na mti wenye kiu, na mwenye nyumba akiona yamelegea huongeza ndoo nyingine. Mizizi ya mlimau inahitaji hewa. Udongo ukishiba maji siku nyingi mizizi huoza, na mti hukaa katikati ya maji ukishindwa kunywa. Kidole chako kikitoka na tope, acha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke sentimita tano hivi. Kama mti uko kwenye ndoo ya rangi, igeuze ukague matundu. Nimeshapokea ndoo zenye tundu moja la msumari, na nyingine hazina hata hilo. Toboa matundu sita au manane yenye upana wa kidole, kisha inua ndoo juu ya vipande vya tofali ili maji yapate njia.

Ya pili ni njaa ya naitrojeni. Hapa majani ya zamani ndiyo hutangulia, jani zima hugeuka njano pamoja na mishipa yake, na kilele hubaki na ukijani kidogo. Udongo wetu wa mchanga wa pwani hauhifadhi chakula, mvua za masika huosha kila kitu. Mti mkubwa mpe ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Imwage chini ya ncha za matawi, kwa sababu mizizi inayokula iko huko. Ukiilundika shinani utaleta balaa nitakayoieleza mbele. Mche wa miaka miwili, gramu 50 hivi za CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kwa mara moja zinatosha, udongo ukiwa na unyevu. Mbolea ya dukani ikiwekwa kwenye udongo mkavu huunguza mizizi, na samadi mbichi ya kuku hufanya vivyo hivyo.

Ya tatu inahitaji jicho. Majani machanga ya juu ni ya njano lakini mishipa yake ni ya kijani, kama ramani ya mito imechorwa juu ya jani. Hiyo ni njaa ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila udongo una chokaa nyingi mno na mizizi inashindwa kukichukua. Mlimau hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5 hivi. Sasa fikiria nyumba iliyojengwa juu ya mawe ya matumbawe, au mti uliopandwa kando ya ukuta mahali mafundi walipokorogea saruji. Ongeza desturi yetu ya kumwaga majivu ya jikoni kwenye shina. Majivu ni mazuri kwa udongo mchachu wa milimani. Kwenye maweni ya Unguja au hapa Tanga ufukweni unaongeza chokaa juu ya chokaa.

Mama mmoja wa Chumbageni alimwaga majivu miaka miwili akiamini anaulisha mti. Tuliacha majivu, tukaweka matandazo na samadi, tukapuliza mbolea ya majani yenye chuma, zinki na manganizi mara tatu, kila baada ya wiki tatu. Majani ya njano ya zamani hayakurudi, na wewe usiyasubiri. Tazama majani mapya. Yale mapya ya kwake yalitoka ya kijani.

Majani mapya yakiwa madogo, membamba, yenye madoa ya njano katikati ya mishipa, hiyo ni zinki, na dawa yake ni mbolea hiyo hiyo ya majani. Jani la zamani likibaki na pembetatu ya kijani kwenye kikonyo huku kingo zimegeuka njano, hiyo ni magnesiamu. Puliza chumvi ya Epsom, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, jioni.

Umanjano ukiwa wa mabaka yasiyolingana, upande mmoja wa jani hivi na mwingine vile, usijaribu mbolea. Shuka hadi sehemu ya mwisho.

Ncha na kingo za majani zinaungua

Onja maji unayomwagilia. Nasema kweli, weka tone kwenye ulimi. Visima vingi vya pwani, kuanzia Kigamboni hadi Kisauni, vina chumvi, na jamii ya michungwa haivumilii chumvi. Kingo hukauka rangi ya kahawia kama karatasi iliyosogezwa kwenye moto, na kwenye chungu utaona ukoko mweupe juu ya udongo au ukingoni. Mimina maji baridi, yasiyo na chumvi, mengi kwa mara moja, yapite mpaka yatoke chini kwa wingi, ili yaisombe chumvi. Kisha kinga maji ya mvua kadiri uwezavyo. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ndiko kunakoilundika.

Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga nayo yana chumvi zake, na yenye dawa ya kung'arisha nguo ni sumu. Mpe mgomba hayo ya kufulia kama huna budi, mlimau usimpe.

Majani yamejikunja au yameliwa

Ukiona mistari ya rangi ya fedha inayozungukazunguka ndani ya jani changa, huyo ni kiwavi mdogo sana anayechimba kati ya ngozi mbili za jani. Jani hujikunja na kuwa baya, watu huogopa. Mti mkubwa hauhitaji chochote. Majani yakikomaa hawezi kuyachimba tena. Mche mdogo upulizie mafuta ya mwarobaini pale tu machipukizi yanapotoka, kwani akishaingia ndani ya jani dawa ya juu haimfikii. Usikate majani yaliyojikunja, bado yanaulisha mti.

Machipukizi yaliyojikunja yakiwa yananata, na chini yake kuna vijidudu laini vyeusi au vya kijani vilivyorundikana, hao ni vidukari. Wapige kwa maji ya mpira asubuhi. Wakirudi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja ya maji, upulizie chini ya majani jua likishapungua. Jaribu kwanza kwenye matawi mawili, ungoje siku mbili.

Majani yakikatwa kutoka pembeni, tafuta mharibifu kwa macho. Akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, rangi ya kahawia yenye baka jeupe, ametulia katikati ya jani, na utampita mara kumi. Akikua hugeuka kijani kibichi, mnene kama kidole cha mtoto. Mguse kwa kijiti: atatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali itakupiga puani. Ndiye kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayerukaruka uani. Mche wa futi mbili, viwavi watano huumaliza kwa wiki moja. Wachume kwa mkono, na hapo umemaliza kazi. Kwenye mti mkubwa mimi huwaachia watatu wanne, kwa ajili ya vipepeo.

Majani yana masizi meusi, sisimizi wanapanda na kushuka

Sugua jani kwa kidole chenye maji. Weusi ukitoka, huo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu wafyonzaji, na haujaingia ndani ya jani. Ukungu una chanzo chake chini ya majani na kwenye vijitawi: vidung'ata vyenye unga mweupe, nzi weupe, au wadudu gamba, ambao hawatembei na wanaonekana kama vipele vya kahawia. Kwangua kimoja kwa ukucha. Kikibanduka na kuacha majimaji, ni mdudu.

Ila anza na sisimizi. Wao huwalinda wafyonzaji wale kama mfugaji alindavyo mbuzi, na huwafukuza wadudu ambao wangewala. Funga shina kwa kitambaa kipana cha vidole vinne, pakaza grisi juu ya kitambaa (usiipake kwenye gome), kisha kata matawi yote yanayogusa ukuta, waya au ardhi, maana sisimizi akinyimwa mlango atatafuta dirisha. Baada ya hapo sabuni au mafuta ya mwarobaini yatafanya kazi, mara moja kwa wiki, wiki tatu. Matawi yaliyojaa gamba kabisa yakate.

Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, wana mambo mawili. Hula viwavi na kunguni wanaofyonza matunda, na wakulima wa minazi na mikorosho wanawapenda kwa hilo. Lakini nao hufuga wadudu gamba. Mti ukiwa safi, waache. Ukiwa na masizi, ondoa viota vilivyoko kwenye mti huo.

Simama hapa kama umefikia hatua ya kutaka dawa kali. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo. Hujui ni nini, hujui ya zao gani, hujui usubiri siku ngapi kabla ya kula tunda, na watoto huifikia chupa ile. Nenda kwa bwana shamba wa kata au duka lenye kibali, ununue chupa yenye lebo inayotaja machungwa au malimau. Usipulize wakati wa maua mchana, nyuki wako kazini.

Mti hautoi maua, au unatoa na kuyapukutisha yote

Kwanza uliza umri. Uliotokana na mbegu huchukua miaka minne, mitano, hata zaidi. Uliobebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kilichounganishwa juu ya shina la mwingine, huanza mwaka wa pili au wa tatu, nao katika mwaka wa kwanza wa kuzaa ni vizuri kuyatoa matunda ili ujenge mwili. Pili, jua. Mlimau chini ya mwembe utaishi, hautazaa. Unataka saa sita za jua kwa siku au zaidi. Tatu, mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Mti unakuwa mzuri, majani mapana meusi, mbichi mwaka mzima, tunda hakuna.

Nne ni jambo ambalo wamwagiliaji hodari hawapendi kulisikia. Huku kwetu hakuna baridi ya kuuambia mti kwamba msimu umefika. Kiu ndiyo inayouambia. Mti uliokomaa na wenye afya, ulioko ardhini, upunguzie maji wiki nne hadi sita wakati wa kiangazi mpaka majani yalegee kidogo mchana na kunyooka tena jioni, kisha umwagilie kwa wingi. Maua hufuata. Mche mchanga, mti mgonjwa na mti wa kwenye chungu usiufanyie hivi.

Kupukutisha maua ni kawaida. Mti wa jamii hii hutoa maua mengi mno na hubakiza sehemu ndogo sana. Wasiwasi uje pale ambapo hata vitunda vya ukubwa wa njegere vinaanguka vyote. Hapo mara nyingi ni ukavu wa ghafla wakati wa upepo wa kaskazi, na matandazo ya nyasi ya unene wa kiganja, yakikaa mbali na shina, husaidia kuliko dawa yoyote. Kama kuna mchwa, tumia matandazo membamba na uyageuze mara kwa mara.

"Mchungwa wangu umegeuka mlimau"

Mzee mmoja wa Ngamiani alinijia akiamini amerogwa. "Mwanangu, nilinunua mchungwa, umezaa machungwa mwaka juzi. Mwaka huu malimau makali, na miiba hii!" Nikamwambia, shikamoo mzee, hebu twende tukauone.

Hapakuwa na uchawi. Miche mingi ya machungwa inayotoka mkoa huu, Muheza na kwingineko, hubebeshwa juu ya shina la mlimau mkali, kwa sababu mizizi yake ina nguvu. Kikonyo cha juu kikidhoofika, au machipukizi ya chini yakiachwa, mlimau wa chini hupanda na kuumeza mchungwa. Tafuta kiungio, uvimbe au mpindo mdogo sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini. Chochote kinachochipuka chini yake king'oe kingali kichanga, kwa kukivuta; ukikikata kwa kisu kinarudi viwili. Kama bado kuna tawi la mchungwa lililo hai, kata ya mlimau yote kidogo kidogo kwa misimu miwili, mti usipate mshtuko. Kama halipo, una mlimau. Mzee alibaki na wake, na mkewe anatengenezea achari.

Unapokata, vaa glavu nene, miiba hii huingia ndani na kidonda hutunga usaha. Na maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi ukaenda juani, huunguza mpaka malengelenge. Nawa kwa sabuni kabla ya kutoka kivulini.

Matunda yana kasoro

Yanayopasuka yamekaa na kiu, kisha yakapata mvua ya kwanza ya vuli kwa ghafla. Ngozi haikuwahi kutanuka. Mwagilia kwa mpangilio miezi ya kiangazi. Ngozi nene na maji kidogo mara nyingi ni mbolea nyingi ya naitrojeni, au ukavu, au basi ndiyo mbegu yenyewe ya limau kali, na hilo halina tiba. Makavu ndani yamekaa mtini kupita kiasi. Ngozi yenye kutu ya kahawia lakini ndani safi ni kazi ya utitiri, kamua utumie.

Vipele vigumu vya ukoko kwenye tunda na majani huja na mvua. Kusanya yaliyoanguka, punguza matawi ya ndani ili hewa ipite, na puliza dawa yenye kopa, yaani mrututu uliotengenezwa kwa kupulizia, kwa kipimo cha kwenye lebo, majani mapya yanapotoka. Vikiwa na duara la njano kuzunguka, vimeinuka pande zote mbili za jani, na vinaenea haraka kwenye mndimu, mwite bwana shamba. Huenda ni ugonjwa wa bakteria, na miche yako isitoke uani.

Shina linatoa gundi

Rudi pale chini ulipopiga goti. Gome lililolowa, lenye gundi ya rangi ya asali na harufu ya kuoza, ni ukungu wa udongoni. Sababu kubwa ni sisi: tunapanda mche kwa kina mpaka kiungio kinafukiwa, tunachimba beseni kuzunguka shina ili maji yatuame humo, tunalundika samadi palepale.

Ondoa udongo mpaka uone mizizi mikubwa ya kwanza inapoanzia. Kwangua gome bovu kwa kisu safi mpaka ufikie lililo hai, lenye kijani, uache pakauke siku mbili tatu, kisha upake uji wa dawa ya kopa. Geuza beseni: shina likae kwenye kilima kidogo, maji yazunguke nje kama mfereji. Kama bovu limezunguka zaidi ya nusu ya shina, acha kukwangua, utaumaliza. Muonyeshe mtaalamu kwanza. Ukifa, usipande jamii ya michungwa kwenye shimo hilo.

Mabaka yasiyolingana, matunda yaliyopinda

Huu ndio mlango ninaoogopa. Majani yenye mabaka ya njano yasiyofanana kushoto na kulia, tawi moja la njano katikati ya mti wa kijani, matunda madogo yaliyopinda, yenye mbegu zilizosinyaa. Ni ugonjwa wa bakteria wanaoziba njia za chakula, na hauna tiba. Aina ya Afrika hupenda baridi ya nyanda za juu, na mdudu anayeieneza, Trioza erytreae, huacha vipele juu ya majani machanga. Aina ya Asia huvumilia joto. Mdudu wake, Diaphorina citri, ambaye uwepo wake Tanzania na Kenya ulithibitishwa katikati ya miaka ya 2010, ni mdogo kuliko punje ya mchele na hukaa kichwa chini, makalio juu, kama anayetaka kuruka.

Usiukate kwa kubahatisha, kwa sababu njaa ya zinki huweza kufanana nao. Piga picha za jani pande zote mbili na tunda lililokatwa, umwite afisa kilimo wa kata auone mti palepale ulipo. Usimpelekee matawi ofisini wala usimpe jirani kikonyo. Akithibitisha, puliza kwanza dawa atakayokutajia ili wadudu wasihamie kwa jirani, ndipo mti ung'olewe na kuchomwa. Bakteria hawa hawakai udongoni. Shimo lilelile linaweza kupokea mche mpya, mradi utoke kwenye kitalu kinachofunika miche yake kwa wavu, na uugeuze majani mwenyewe kabla hujatoa pesa.